Ukitaka Kumiliki Boti ya Matembezi Mafia

Ukitangaza Kilindoni kwamba unatafuta boti, utaulizwa urefu na nguvu ya mashine. Sheria yenyewe huanzia kwingine: boti hiyo itafanya kazi gani? Faiba ya mita saba inayokupeleka wewe na wanao kuogelea siku ya Jumamosi ni chombo cha matembezi. Jumapili ikimbeba mgeni aliyelipa kwenda kumwona papa potwe, imekuwa chombo cha abiria, na wewe umekuwa mfanyabiashara wa utalii. Jumatatu ukishusha mishipi na kurudi na kolekole wa kuuza, umeingia kwenye uvuvi. Boti ni ile ile na mashine ni ile ile, ila ofisi zinazokuhusu zimeongezeka.

Kwa hiyo amua matumizi kabla ya kutoa hela. Wengi hufanya kinyume. Boti inanunuliwa, inapakwa rangi, inaandikwa jina, kisha miezi migumu ikifika mwenyewe anaanza kubeba wageni "mara moja moja". Hiyo mara moja moja ndiyo inayowatia watu matatani, maana karatasi zote zinasema matembezi binafsi, na siku ya ajali swali la kwanza la kampuni ya bima litakuwa kama aliyeumia alilipa nauli au hakulipa.

Usajili uko kwa nani

Bandarini bado utawasikia watu wakisema "nenda SUMATRA". SUMATRA haipo tena. Kazi zake za nchi kavu zilikwenda LATRA, na za majini zikaenda kwa Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania, TASAC, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2017 na kuanza kazi 2018. Usajili wa vyombo, ukaguzi wa usalama na vyeti vya mabaharia vyote viko huko, chini ya Sheria ya Usafirishaji Majini ya mwaka 2003. Mamlaka ya Bandari, TPA, ni ofisi nyingine kabisa: yenyewe inaendesha gati, na ushuru wa kufunga boti gatini haukupi usajili. Usichanganye risiti hizo mbili.

Kama boti unainunua Unguja au Pemba, fahamu kwamba Zanzibar ina mamlaka yake ya usafiri baharini, ZMA, iliyoanzishwa 2009, yenye daftari lake la vyombo. Boti iliyosajiliwa kule haigeuki ya Bara kwa sababu tu umeivusha mkondo. Mwambie muuzaji afunge au ahamishe usajili, akupe karatasi ya kuthibitisha, na mashine ije na risiti pamoja na nyaraka zake za forodha. Mashine isiyo na karatasi huwa rahisi siku ya kununua tu.

Unachohitaji mkononi ni uthibitisho kwamba boti ni yako: mkataba wa mauziano uliosainiwa mbele ya mashahidi, risiti, kitambulisho chako cha taifa na namba ya mlipakodi. Andika kwenye mkataba namba iliyogongwa kwenye mashine, siyo chapa na nguvu za farasi peke yake. Mashine huhama boti moja hadi nyingine kirahisi sana, na ikiibwa, namba hiyo ndiyo utakayowapa polisi.

Chombo kipya kinadai jambo moja zaidi, na hapa ndipo Mafia inapotofautiana na duka la boti Dar es Salaam. Faiba ya kiwandani huja na karatasi za mtengenezaji. Dau au mashua iliyochongwa Chole au Jibondo huja na sifa za fundi. Mafundi wa visiwa hivyo ni mabingwa, na wengi hawajengi kwa mchoro. Mkuku ukishalazwa, taruma moja humwonyesha fundi mahali pa taruma linalofuata. Lakini msajili hawezi kusajili jicho la fundi. Anataka hati ya mjenzi: nani amejenga, wapi, mwaka gani, kwa ajili ya nani, urefu kutoka omo hadi tezi, upana, kina, na mbao gani zimetumika. Basi kaa na fundi wako siku ya kumlipa awamu ya mwisho, shikeni futi kamba, pimeni pamoja, andikeni, atie sahihi, na mwenyekiti wa kijiji agonge mhuri. Ukiiacha kazi hiyo hadi mwakani, fundi atakuwa amehamia kazi nyingine au amesafiri, nawe utakuwa na chombo kizuri kisicho na cheti cha kuzaliwa.

Malipo yote ya serikali yanapitia namba ya malipo, ile watu wanayoiita kontroli namba. Unapewa, unalipa kwa simu au benki, unabaki na ujumbe wa uthibitisho. Mtu akikuomba fedha taslimu ili "akuharakishie", jua kwamba hela hiyo haitaonekana popote siku utakapoulizwa.

Usajili ukikamilika, namba ya chombo inaandikwa kwenye ubavu, herufi kubwa, rangi inayoonekana kutoka mbali. Usiifiche chini ya maua na majina ya mapenzi. Ukipotea baharini, hiyo ndiyo watakayoitafuta wenye darubini.

Siku ya ukaguzi

Usajili unasema boti ni ya nani. Cheti cha ubora kinasema kama inafaa kuingia majini, nacho kina tarehe ya mwisho, kwa hiyo ukaguzi ni jambo la kila mara. Watu huufanyia ukaguzi maandalizi ya harusi: rangi mpya nje, viti vimepanguswa, bendera mpya. Mkaguzi anayejua kazi haangalii rangi. Anaomba mbao za sakafuni ziinuliwe ili aione ngama. Maji kidogo hayamtishi, kwa kuwa kila chombo cha mbao huvuja kidogo. Anachonusa ni petroli. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutambaa na kutulia chini, na cheche moja ya betri inatosha. Kisha anashika mpira wa mafuta kutoka tangini hadi kwenye mashine, anaukunja kidogo karibu na kiungio. Mpira uliokaushwa na jua la Mafia unaonyesha mipasuko midogo pale pale anapokunja.

Fanya ukaguzi huo mwenyewe kabla hajaja. Kwa chombo cha mbao, pitisha kisu kwenye kalafati, hasa karibu na mkuku na pale mbao zinapokutana na tezi. Gonga ubao wa nyuma unaobeba mashine: ukilia bubu, maji yameingia ndani yake, hata kama faiba ya nje inang'aa. Huo ubao ukikatika mashine yote inakwenda chini, na gharama yake huijua aliyepoteza.

Vifaa ni jambo ambalo sitaki ulifupishe. Jaketi okozi liwe moja kwa kila mtu aliyemo, pamoja na nahodha, na la mtoto liwe la ukubwa wa mtoto. Jaketi la mtu mzima humtoka mtoto kichwani anapoanguka majini. Huyo hujamvisha kitu. Yasifungiwe kwenye sanduku wala kuwekwa chini ya mifuko ya barafu. Yavaliwe tangu ufukweni. Mtungi wa kuzimia moto uwe karibu na nahodha, siyo karibu na mashine, kwa sababu huwezi kuupita moto kwenda kuchukua cha kuuzimia. Ongeza nanga yenye kamba ya kutosha, makasia mawili au pondo, upo wa kukumbia maji hata kama una pampu, tochi isiyoingia maji, filimbi, fataki za ishara ambazo tarehe yake haijapita, dira, na kisanduku cha huduma ya kwanza. Simu iwe ndani ya mfuko usiopenya maji. Nyuma ya kisiwa cha Juani usiitegemee.

Redio ya VHF ni bora kuliko simu, kwa kuwa wito wa chaneli 16 husikiwa na kila chombo kilicho karibu, wakati simu humwita mtu mmoja ambaye huenda amelala. Redio ina leseni yake kutoka Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA. Wito wa msaada Bara hushughulikiwa na kituo cha kuratibu utafutaji na uokoaji baharini cha Dar es Salaam, kilicho chini ya TASAC. Chukua namba yake ya simu siku unapofuata cheti, uibandike karibu na usukani.

Idadi ya watu iliyoandikwa kwenye cheti ndiyo hiyo. Haizidishwi kwa sababu wamekuja shemeji na watoto ni wembamba. Kivuko cha MV Nyerere kilipinduka Septemba 20, 2018, kikiwa karibu kabisa na gati la Ukara, Ziwa Victoria, kimezidisha abiria, na zaidi ya watu 200 walikufa. Boti ndogo hupinduka kwa namna hiyo hiyo, na kwa watu wachache zaidi: wote wakisimama upande mmoja kupiga picha ya papa potwe. Waambie mapema nani anakaa wapi.

Hifadhi haina geti baharini

Ukienda Utende kwa barabara unakutana na kizuizi cha Hifadhi, wageni wanalipa, mnaendelea. Kwa boti hakuna kizuizi, na hapo ndipo wengi wanapojidanganya. Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia ilitangazwa mwaka 1995, ya kwanza nchini, chini ya Sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu Namba 29 ya 1994. Ina ukubwa wa kilomita za mraba 822. Ghuba ya Chole, visiwa vya Chole, Juani, Jibondo na Bwejuu vimo ndani. Kilindoni iko nje, na pia sehemu kubwa ya maji ya magharibi ambako papa potwe huja kula kuanzia karibu Oktoba hadi Machi. Ukitoka Kilindoni ukazunguka kusini, utaingia Hifadhini bila kuona alama yoyote.

Kabla ya safari ya kwanza fika makao makuu ya Hifadhi pale Utende. Omba mambo mawili: utaratibu wa kibali kwa chombo chako na watu wako, na ramani ya kanda. Hifadhi imegawanywa katika eneo la kiini, eneo la matumizi maalumu na eneo la matumizi ya jumla. Kwenye kiini hakuna kuvua kwa namna yoyote, hata mshipi wa mtoto. Kwenye matumizi maalumu baadhi ya zana na baadhi ya watu tu wanaruhusiwa, na wenyeji wa vijiji vya Hifadhi wana haki ambazo wewe mwenye boti ya starehe huna. Hilo huwakera wageni kutoka Dar es Salaam. Mimi naona ni haki tupu: mvuvi wa Jibondo amekubali kuachia maeneo aliyovua babu yake ili matumbawe yapone, na asingevumilia kuona faiba ya mapumziko imetia nanga juu yake.

Nanga, kwa kweli, ndiyo kosa kubwa la watu wa boti za starehe. Pakiwa na boya la kufungia, funga hapo. Pasipo na boya, tafuta mchanga, na umtume mtu mwenye miwani ya kuzamia aangalie nanga imelala wapi. Tumbawe linalovunjwa na nanga kwa dakika moja limekua kwa miaka mingi. Kuokota matumbawe na makombe, kuvua kwa bunduki ya mishale au ukiwa umevaa mitungi ya kuzamia, kumgusa kasa au nguva: hayo yamekatazwa, na mengi yake hukatazwa hata nje ya Hifadhi kwa sheria za uvuvi. Ukiona boti yenye bendera ya Alfa, nyeupe na buluu, kuna watu chini ya maji. Punguza mwendo na upite mbali.

Kwa papa potwe, mashine iwe polepole, usimkatie njia, usimzungushie boti, na watu wakishuka wasimguse wala kumpiga picha kwa mwanga wa flashi. Boti nyingine zikiwa zimeshatangulia, subiri zamu yako.

Ukitaka kuvua, ukitaka kulipwa

Uvuvi una sheria yake ya mwaka 2003 na kanuni za 2009. Mshipi wa kujifurahisha nao unahitaji leseni; mlango wako ni ofisi ya uvuvi ya Halmashauri ya Wilaya ya Mafia, na ukiwa ndani ya Hifadhi unahitaji pia ruhusa ya Hifadhi. Usiseme "navua wa kula tu". Afisa amelisikia.

Kubeba watu kwa malipo ni ukurasa mwingine kabisa. Ukaguzi wa chombo cha abiria ni mkali zaidi, bima inatakiwa iwahusu abiria, leseni ya biashara inahitajika, na biashara ya utalii ina leseni yake chini ya Sheria ya Utalii ya 2008. Nahodha naye lazima awe na cheti. Chuo cha Bahari Dar es Salaam, DMI, kinafundisha, na nahodha wa Mafia aliyezaliwa kwenye ngalawa hupaswa kwenda kuchukua karatasi ya ujuzi alioupata zamani. Mlipie. Ni fedha yenye faida kuliko spika za muziki. Mgeni akichangia mafuta tu, usijiamulie mwenyewe kwamba hiyo si nauli; uliza TASAC kabla, na jibu lake liombe kwa maandishi.

Njia za baharini

Kanuni za kimataifa za kuzuia vyombo kugongana za mwaka 1972 hazina msamaha kwa boti ndogo. Mkikutana uso kwa uso na chombo kingine cha mashine, kila mmoja ageuze kulia. Chombo cha mashine kinachokatiza kutoka mkono wako wa kulia kina haki ya kupita. Wewe ndiye unayempisha. Taa nyekundu hukaa kushoto kwako, ya kijani kulia. Kwenye njia zenye maboya, ukiingia kutoka bahari kuu, jekundu liache mkono wa kushoto.

Kanuni moja Mafia ina uzito kuliko zote: chombo cha mashine humpisha mwenye tanga, na humpisha mvuvi aliye na wavu majini. Ngalawa inayotoka Jibondo haiwezi kukuzunguka kwa ajili ya haraka yako. Na usiku, chombo cha tanga kisichofika mita saba kinaruhusiwa kutokuwa na taa za kudumu, mradi baharia awe na tochi ya kumulika kwa wakati. Maana yake mbele yako gizani kuna watu halali kabisa ambao hutawaona hadi wawashe tochi. Kama huna sababu ya kwenda usiku, lala nyumbani.

Mwendo upunguze unapopita kati ya Utende na Chole. Mitumbwi ya kuvusha watu imejaa wanafunzi, akina mama na magunia, ubavu wake uko karibu na maji, na wimbi lako la nyuma linaingia ndani.

Hali ya hewa soma kwa Mamlaka ya Hali ya Hewa, TMA, kisha muulize mzee yeyote ufukweni. Vyote viwili, kwa sababu TMA huona upepo wa pwani nzima na mzee anajua upepo huo ukikutana na bamvua kwenye mlango wa Kinasi unafanya nini. Pale maji ya Ghuba ya Chole hutoka na kuingia kupitia njia nyembamba. Maji yakitoka na kusi likisukuma kuingia, mawimbi husimama wima, na boti iliyopita asubuhi kwa raha haiwezi kurudi mchana. TMA ikitangaza mawimbi ya kuzidi mita mbili, safari ya starehe imekwisha siku hiyo. Mafuta yagawe mafungu matatu: moja la kwenda, moja la kurudi, moja usiliguse. Acha kwa mtu wa nchi kavu majina ya waliomo na saa ya kurudi.

Boti iliyotumika

Wengi hawatanunua mpya. Boti ya mkono wa pili haina ubaya, ila usajili wake hautembei pamoja na funguo. Umiliki usipohamishwa, mbele ya sheria boti bado ni ya yule wa kwanza, na deni lake, kesi yake au mgogoro wake wa mirathi vinaweza kuifuata mpaka kwako. Angalia kama namba ya ubavuni inalingana na ya kwenye cheti, na namba ya mashine inalingana na ya kwenye mkataba wa awali. Ijaribu majini, mashine ikiwa imeanza baridi, siyo ile aliyoipasha kabla hujafika. Toa malipo ya mwanzo, kisha nendeni wote wawili ofisini, mhamishe umiliki, ndipo umalizie. Muuzaji akikataa kufika TASAC nawe, mwache na boti yake, utafute nyingine.